Pikapu ya Kumpeleka Mama Rodah Nyumbani

Sifa na shukrani ni zake Mungu, aliyeniamsha leo na kuniachia macho ya kuuona mstari wa karatasi hii. Yeye ndiye aliyenilinda katika nyumba za watu, akanilisha mezani pa wasio damu yangu, kisha akaniacha niishi hadi nikawazika wengi wao. Kwa nini nimebaki mimi, sijui, na siku hizi siulizi tena. Nashukuru kwanza, halafu naandika.

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Shem katika makaburi ya Lang'ata. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na udongo ulikuwa ukishika viatu vya kila aliyesogea kutupa konzi yake. Jamaa zake walikuja kutoka Maragoli kwa basi la kukodi. Walisimama upande mmoja wa kaburi, mikono wameikunja kifuani, na sisi watu wa kanisa tukasimama upande wa pili. Msemaji wao alipopewa nafasi alisema tu kwamba marehemu alikuwa na shamba, alikuwa na nyumba ya mabati, na alikuwa na mahali pake kando ya mama yake, kisha akarudi nyuma bila kumalizia. Tulipokuwa tukitoka, kijana mmoja wa ukoo huo, mjukuu wa ndugu yake, alinishika mkono nisiteleze. Ni kijana mwema, amezaliwa Kayole na anazungumza kama wenzake wa huko. Akaniinamia na kuniuliza taratibu, "Shosh, mbona hamkumpeleka ocha?" Kwa lugha ya vijana wa Nairobi, shosh ni bibi na ocha ni kijijini kwa ukoo. Nilimwambia kwamba mimi natembea polepole na jibu lake ni refu kuliko njia ya kufika getini. Nimekaa nalo tangu siku hiyo. Jibu lenyewe ni mwaka mmoja, na mwaka huo niliuishi katika nyumba ya Mzee Shem, mtaa wa Jericho hapa Nairobi, nikiwa msichana wa kutosha kuolewa ambaye hakuwa ameolewa.

Akina mama wa kanisa ndio walionipeleka. Mama Rodah, mkewe Mzee Shem, alikuwa amedhoofika moyo hata hakuweza kuinua ndoo ya maji, na Mungu hakuwa amewapa watoto wa kumsaidia. Nilipewa kitanda jikoni, nyuma ya pazia la maua, na ruhusa ya kwenda darasa la wasomaji wa kanisa kila Jumatano. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na kiuga. Sebuleni kulikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, kabati la vikombe ambavyo havikunywewa, na kitanda cha Mama Rodah, kilichokuwa kimehamishwa kutoka chumbani na kusogezwa chini ya dirisha ili apate hewa. Hakuweza kulala chali. Alilala akiwa ameketi, ameegemea mito, miguu yake iliyovimba imefunikwa blanketi la kasoro kutoka kiwanda cha Industrial Area ambako mumewe alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti. Katika kwaya aliimba sauti ya pili, na watu walisema ukimwondoa yeye wimbo unabaki na tundu. Mwaka huo tundu lilikuwa limeshatokea. Alisikiliza kwaya kutoka dirishani Jumapili upepo ulipovuma kwetu, na midomo yake ikasogea bila sauti.

Daktari alikuwa amemkataza chumvi, kwa hiyo sote tulikula bila chumvi. Hilo nalikumbuka kuliko mengi. Mboga ya mrenda bila chumvi, samaki wadogo wa omena bila chumvi, maharagwe ambayo hata nyanya hazikuyasaidia. Mzee Shem ndiye aliyeondoa kopo la chumvi jikoni akalipeleka kwa jirani, na alipokaribishwa chakula kwa jirani huyo alikataa kula, akisema ameshiba. Jirani alikuwa Mutua, dereva wa lori la mawe, Mkamba mnene mwenye kicheko kilichotangulia maneno yake. Alimwambia Mzee Shem kwamba chumvi haiambukizi. Mzee Shem akamjibu kwamba mke hawezi kufunga peke yake.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka tulimpeleka Mama Rodah kliniki, mimi na mumewe tukimshika huku na huku. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuweka mpira wake wa kusikilizia kifuani mwa Mama, akasikiliza muda mrefu, kisha akaongea na Mzee Shem kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye moyo hayumo chumbani. Alisema dawa zilizopo ndizo hizo, na kilichobaki ni kupumzika. Tulipotoka, Mama Rodah alichoka kabla ya kufika barabarani, tukamkalisha kwenye benchi nje ya lango. Akapumua mpaka akaweza kusema. Kisha akasema, "Shem, mimi nipeleke nyumbani."

Mzee Shem aliangalia viatu vyake. Akasema, "Nitakupeleka." Hakuna aliyesema neno jingine hadi tukafika Jericho, na mimi niliyekuwa kati yao sikuona kitu cha kuuliza. Kwa watu waliotoka upande wetu wa magharibi, pa Nairobi ni nyumba tu, hata ukikaa hapo mpaka mvi. Nyumbani ni kule kilikozikwa kitovu chako, na kwa mwanamke aliyeolewa, ni kule kilikozikwa kitovu cha mumewe. Sote tulijua hivyo, kama tunavyojua mkono wa kulia.

Jumamosi iliyofuata Mzee Shem alitoka kiugani, akawafukuza kuku, akafungua boneti ya pikapu. Ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya majivu, ambayo kiwanda kiliichoka na yeye akaivuta hadi hapo kwa lori la Mutua. Ilikaa juu ya mawe manne, haina magurudumu, kuku wakitagia nyuma. Alinieleza mpango wake akiwa ameinama, bila kunitazama. Basi la kwenda Maragoli lingemuua Rodah, kwa sababu hawezi kuketi wima safari yote wala kukanyagwa na watu. Gari la kukodi lingekuwa na dereva wa kukodi, mwenye haraka zake. Yeye angeitengeneza pikapu hii, amtandikie kitanda nyuma, amwendeshe polepole, wapumzike Naivasha, wapumzike Nakuru, wapande milima ya Mau injini ikivuta bila kukohoa, na Rodah afike akiwa hai. Hilo la mwisho alilisema mara mbili. Alikuwa amewaona wengi wakipelekwa nyumbani ndani ya sanduku, na hakutaka mkewe aipite njia hiyo kwa mara ya mwisho akiwa haioni.

Basi mwaka ukawa mwaka wa pikapu. Alifanya kazi jioni baada ya zamu kabla giza halijaingia, na Jumamosi kutwa, na Jumapili hakuigusa hata kwa kidole. Kila alipoanza aliweka mkono juu ya bati, akafumba macho, akaomba. Tangi la mafuta lilikuwa limeoza ndani. Alilitia kokoto na sabuni, akalitikisa kama mtu anayepepeta mchele. Kabureta aliifungulia juu ya meza yetu ya kulia, juu ya magazeti, akayasafisha matundu yake madogo na kuyapuliza kwa mdomo moja moja, na juma zima ugali wetu ulinukia petroli. Mama Rodah alinikonyeza nisiseme. Kisha akafungua kichwa cha injini, akazitoa vali, akawa anazisaga kwa mkono, kijiti katikati ya viganja, kikienda kikirudi, kikienda kikirudi. Sauti hiyo iliingia dirishani alasiri nzima. Mama Rodah alisema ni kama kusikia mtu anasaga wimbi kwa jiwe, na akasinzia nayo vizuri kuliko dawa.

Mutua alikuja kutazama na kutukana, kama ilivyokuwa kawaida yake. Aliazima jeki yake kwa moyo wote lakini hakuiazima bila maneno. "Shem, hayo mawe yamezoeana na hiyo gari. Siku ukiitoa yatalia." Siku nyingine aliuliza kama kuku wamepewa notisi ya kuhama. Pembe ya mdomo wa Mzee Shem ilisogea. Majirani wengine nao walileta magari yao, kwa kuwa walimwona kiugani, na hapo ndipo nilipojifunza desturi yake. Hakushika spana kabla ya kumuuliza mwenye gari. Unaisikia wapi hiyo sauti? Asubuhi ikiwa baridi, au ikishapata moto? Mlimani au tambarare? Mtu akisema wewe fungua tu uone, yeye alifuta mikono na kungoja. Alisema fundi anayefungua kabla ya kuuliza hutengeneza kitu kingine na kuacha kile kinachouma. Mutua alimwambia kwamba amekosa wito, angekuwa padri wa kusikiliza maungamo, na kwetu sisi Waprotestanti amepotea bure.

Nami niliishi kati ya dirisha na kiuga. Huko nje nilisikia habari za Mau na Kericho, na ndani nilisikia habari nyingine. Jioni nilipomkanda miguu, Mama Rodah alinisimulia utoto wake, na utoto wake wote ulikuwa Kaloleni, ng'ambo ya Jogoo Road, mahali ambapo mtu mzima angetoka Jericho akafika kwa miguu uji ukiwa bado vuguvugu. Alinieleza nyumba za mawe zenye vigae, majani yaliyokatwa katikati, bomba la maji ambapo wasichana walipanga madebe na kusengenya, ukumbi ambako baba yake alipiga gita Jumamosi, na mama yake akikaanga mandazi mlangoni na kuwapa watoto wa watu yaliyoungua. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, siku ya mvua, kabla mkunga hajafika. Nilipomuuliza kuhusu Maragoli alinijibu kwa adabu. Ni kuzuri, kuna mawe makubwa, watu ni wakarimu. Wakati mmoja alisema jambo ambalo lilinichekesha wakati huo. Alisema kila alipokwenda kule, tangu alipoolewa, walimchinjia kuku. Hata walipokwenda kumzika mama mkwe, katikati ya matanga, mtu alitumwa kumkimbiza kuku kwa ajili ya mke wa Shem kutoka Nairobi. "Jerida," akaniambia, "mtu huchinjiwa kuku kwao?" Nilicheka. Naye akacheka kidogo, mpaka pumzi ikamkatiza.

Baridi ya Julai ilipokuja alizidiwa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau asubuhi, na kutoka kitandani hadi kiti cha mlango ilikuwa safari ya kupangwa. Nje, Mzee Shem aliongeza mwendo. Alichomelea nyuma ya pikapu fremu ya vyuma iliyoinuka upande wa kichwa, akiipima kwa mito ya Mama, ili alale kama alivyolala sebuleni, nusu ameketi. Akatafuta turubai la kuizuia mvua na vumbi. Jioni ya turubai alikula chakula chake kisicho na chumvi kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake, akaeleza njia yote. Wapi wangesimama wanywe chai. Upande gani wa Mau una ukungu. Jinsi ndugu yake alivyomtumia habari kwamba wanawake wa boma wameshaikandika upya nyumba yao na kuifagia, wanamngoja mke wao. Mama Rodah alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka kwenye sahani pole pole, kisicho na kitu. Akasema, "Wameikandika?" Mume akasema ndiyo, na wametia na chokaa. Akasema waambiwe asante. Kisha akageukia ukutani, nami nikadhani ni maumivu, nikamsogezea mto.

Baada ya jioni ile alizungumza kidogo. Alimtazama mumewe kupitia dirisha kwa saa nzima nzima, kama mtu anayetazama mtoto akicheza karibu na kisima. Pikapu iliwaka mara ya kwanza mwezi Agosti, ikajaza moshi uwanja mzima hadi watoto wakakimbia wakikohoa na kushangilia, lakini ilikuwa inakosa pigo. Mafundi hawaiachi injini ya namna hiyo. Inatembea barabara tambarare na kukufia mlimani. Hapo ndipo ikaja kazi ya kuitega, ambayo wao huiita kutyuni, na kazi hiyo ni ya masikio. Mzee Shem alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Alisikiliza, akageuza skrubu ya kabureta kwa nafasi ndogo kama ya ukucha, akasikiliza tena. Alizima, akasugua pointi za kuwashia cheche kwa msasa, akawasha. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, Jumamosi baada ya Jumamosi, uso wake umeinama kama anayesikiliza mtu anayenong'ona. Mama Rodah alimwangalia. Akasema, si kwangu hasa, "Daktari ananisikiliza kwa mpira. Shem anaisikiliza gari kwa bisibisi. Kazi yao wote wawili ni kusikiliza."

Pikapu ikawa tayari mwezi wa Oktoba, Jumamosi mchana, jua la kabla ya mvua za vuli. Mutua alisaidia kuiteremsha kutoka kwenye mawe, akayapapasa mawe manne kwa heshima na kuyapa pole. Magurudumu yalikuwa ya kuazima mawili na ya kununua mawili. Mzee Shem aliiwasha, na kwa kweli ilizunguka vizuri mno. Aliweka kikombe cha chai juu ya boneti na chai haikumwagika. Akasema safari ni Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, lakini leo Rodah aketi mbele, waizungushe kidogo, aone kama mtikisiko utamsumbua. Nilimvika kitambaa chake cha kanisani, cha samawati. Tulimbeba mimi na Mutua, tukamkalisha kwenye mito. Mimi nilipanda nyuma, nikakaa juu ya fremu yake, na kwa kuwa dirisha la nyuma halikuwa na kioo nilisikia kila neno.

Mzee Shem alishika usukani kwa mikono miwili kama bwana harusi. Akauliza tuizungushe wapi.

"Nipeleke nyumbani," akasema Mama Rodah.

Mzee Shem akacheka. "Nyumbani ni Jumamosi ijayo, mama. Leo ni kujaribu tu."

"Shem." Alingoja pumzi irudi. "Nyumbani. Kaloleni."

Injini ilikuwa ikizunguka taratibu, pigo baada ya pigo, bila kukosa hata moja. Niliona kisogo cha Mzee Shem kimetulia. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, akauondoa, akauweka pajani. Akauliza tangu lini, na mkewe akamwambia tangu siku ile ya benchi.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani umenielewa. Nikaona unatengeneza gari kwa sababu siwezi kutembea, nikasema, mume wangu huyu. Nilipokuja kujua, ulikuwa umeshafungua kila kitu."

Mutua alikuwa amesimama dirishani mwa dereva, tayari na utani wake mdomoni, na nilimwona akiumeza. Mzee Shem alitazama mbele, kwenye ukuta wa nyumba ya jirani uliokuwa na kamba ya nguo. Alisema neno moja tu. "Sikuuliza." Kisha akatia gia.

Vijana wa siku hizi wana hilo neno lao, ocha, na hawawezi kulichanganya na nyumbani. Sisi tulikuwa na neno moja kwa vyote. Nimewaza sana kama neno la pili lingetuokoa, na sijui. Labda lingetunyima mwaka ule, na mwaka ule ndio uliowaweka wale wawili karibu, mmoja dirishani na mmoja kwenye boneti. Mungu ndiye anayejua alichotupa na alichotuzuilia. Najua tu kwamba tulivuka Jogoo Road na tukafika kabla injini haijashika moto vizuri.

Nyumba ilikuwa na watu wengine. Mama mmoja alitoka akifuta mikono, akaona gari, akaona mgonjwa, akaona sisi hatujui tuanzie wapi. Mama Rodah akamwambia kupitia dirisha kwamba alizaliwa katika chumba cha nyuma. Yule mama hakuuliza zaidi. Alileta kiti chenye mgongo, akakiweka mlangoni penyewe, pale ambapo mandazi yalikaangwa zamani, ingawa hilo hakulijua. Tulimkalisha. Mama Rodah akaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, chini chini, kimo cha mtoto, akakiacha hapo. Watoto waliokuwa wakicheza majanini walikuja wakamwangalia, wakaona hana ajabu, wakarudi. Mwenye nyumba akaleta viazi vya kuchemsha kwenye sahani ya bati. Nilitaka kumzuia, kwa ajili ya chumvi. Mzee Shem akanitazama, nikaacha. Mama Rodah akala kipande, akafumba macho. "Vina chumvi," akasema, na uso wake wote ukafunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake. Akampa mumewe kipande. Naye akala. Walikula sahani ile wote wawili bila kuzungumza, na machozi ya Mzee Shem yaliingia humo humo katika viazi.

Kabla hatujaondoka Mama Rodah alimwambia mumewe kile alichokuwa amekishika mwaka mzima. Hakukisema kwa kulia. Alisema, "Nikilala, usinipeleke mbali. Kule watanichinjia kuku mpaka siku ya mwisho." Mzee Shem hakujibu. Sikumlaumu wakati huo wala leo. Yeye aliyekuwa akiombwa alikuwa mwana wa boma, na mwanamume wa kwetu akimzika mkewe kwenye ardhi ya umma amejivua nguo mbele ya watu wake. Alimbeba akamrudisha garini, akamwendesha taratibu kupita ukumbini, mara moja na tena, kwa kuwa mkewe alisema anataka kuuona.

Jumamosi ya safari ilifika na hakuna aliyesafiri. Mama Rodah alilala katika Bwana kabla ya Krismasi, asubuhi, ameegemea mito yake, nilipokuwa nikichuja uji. Nilimfumba macho mimi mwenyewe na nikamshukuru Mungu kwa kunipa kazi hiyo. Jamaa walikuja siku ya tatu, wakajaa sebuleni kwenye vile viti vya vitambaa, na mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia nikipika chai ya watu wengi. Walizungumza kwa upole mwanzoni. Walisema kaburi limeshachaguliwa. Mzee Shem akasema hatamsafirisha. Sauti zikapanda, na ndugu yake mkubwa akauliza kama mke wao atatupwa Lang'ata kama mtu asiye na kwao. Nilisikia kiti kikisogea. Mzee Shem akasema, "Ana kwao. Mimi ndiye niliyekuwa sikujui huko." Waliondoka bila kunywa chai. Ilibaki sufuria nzima, na mimi na Mutua tuliigawa kwa majirani.

Usiku wa kuamkia mazishi sikumwona Mzee Shem, lakini asubuhi ile fremu ya nyuma ya pikapu haikuwepo. Alikuwa ameikata kwa msumeno wa chuma, ili sanduku lilale sawa. Aliliendesha sanduku yeye mwenyewe, Mutua ameketi kando yake bila utani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Injini iliyotegwa kwa ajili ya kupanda Mau ilikwenda hadi Lang'ata na haikukosa pigo. Baadaye aliipa kanisa, ikabeba viti na ngoma kwa miaka mingi, mpaka bati likaoza.

Alilipa kwa ajili ya ahadi ambayo hakuwahi kuitamka. Watu wake hawakumtembelea tena. Alipokwenda kuwazika ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, alipewa kiti pembeni na wageni. Naikumbuka mara aliporudi kutoka msiba wa yule ndugu mkubwa. Alikuwa mzee tayari, nami nilikuwa mke wa mtu na mama, nimekuja Jericho kumpelekea mboga. Nilimuuliza wamempokeaje. Akavua kofia yake, akaiweka gotini. "Vizuri," akasema. "Wamenichinjia kuku, Jerida." Akatazama dirisha lililokuwa halina kitanda chini yake. Kofia ile akaizungusha gotini hadi nikaondoka.

Hilo ndilo jibu langu, kijana uliyenishika mkono kwenye matope. Uliuliza mbona hatukumpeleka. Nafasi kando ya mkewe aliihifadhi mwenyewe, miaka mingi, na alinikabidhi mimi neno lake kwamba azikwe hapo, ili lisipotee kwa watu wenye haki na hasira. Tulimpeleka, mwanangu. Sisi tuliosimama upande wa pili wa kaburi tulimpeleka nyumbani.

Nawe unayesoma haya, Mungu aliyempokea Rodah na Shem akubariki popote ulipo, akutie nguvu katika ugonjwa wako na wa wale unaowauguza, akupe chakula chenye ladha na mtu wa kukila naye. Akujalie anayekupenda wa kukuuliza ni wapi, kabla hajawasha gari. Na siku yako itakapofika, akufikishe. Amina.